Ruta ya kompyuta ya kawaida inapokwama: dalili, chanzo na tiba

Jaribio la `iperf3`, programu ya kupima kasi ya mtandao, linaonyesha gigabiti 9.4 kwa sekunde, na bado watumiaji wanalalamika kwamba simu za intaneti zinakatika na kurasa hazifunguki. Mtu akikutana na hali hii kwenye ruta aliyoijenga mwenyewe kwa seva ya kawaida, kadi ya mtandao ya gigabiti 10 na Linux, hushuku kwanza kadi mbovu, kisha huanza kuulizia bei ya ruta ya kiwandani. Mara nyingi hahitaji kubadilisha kadi wala kununua ruta. Kompyuta ya kawaida ina nguvu za kutosha kwa kazi hii. Tatizo huwa kwenye mpangilio wake, na mpangilio haurekebishwi kwa kubahatisha.

Kabla ya kugusa chochote, fahamu kinachoichosha mashine: ni idadi ya pakiti, wala si wingi wa biti. Kazi ya kuamua pakiti iende wapi ni ileile, iwe na baiti 64 au 1,500. Fremu ndogo kabisa ya Ethernet ina baiti 64, lakini kwenye waya inachukua baiti 84 ukijumlisha utangulizi wake na nafasi inayoachwa kati ya fremu na fremu. Piga hesabu, utaona kwamba gigabiti 10 ni pakiti milioni 14.88 kwa sekunde, yaani nanosekunde 67.2 kwa kila pakiti. Prosesa ya GHz 3 inapata mizunguko 200 hivi katika muda huo, na safari moja tu ya kufuata data iliyoko kwenye RAM badala ya kashe inaweza kuumaliza wote. Laini hiyohiyo ikibeba fremu za baiti 1,518, pakiti hushuka hadi 812,000 hivi kwa sekunde. Tofauti ni zaidi ya mara 18. Jaribio la TCP la `iperf3` linapima upande mwepesi. Sauti, DNS, michezo na mashambulizi ya kufurika yako upande mzito.

Jambo la pili ni kwamba karibu kila pakiti inayotupwa ina mahali ilipotupiwa, na mahali hapo pana kihesabu. Kazi yako ya kwanza ni kukitafuta kihesabu kinachopanda wakati shida inatokea. Anza na hivi vitano, ukivisoma mara mbili kwa tofauti ya sekunde kumi ili uone kilichosogea:

```
ethtool -S eth0 | grep -Ei 'miss|drop|err|buf'
mpstat -P ALL 1
cat /proc/net/softnet_stat
nstat -az
dmesg -T | tail -50
```

Anayebadilisha mipangilio kumi ya `sysctl` aliyoinakili mahali fulani kabla ya kusoma vihesabu hivi hujikuta hajui kipi kimesaidia na kipi kimeharibu.

Kiini kimoja kimefika asilimia 100, vingine vimelala

Hii ndiyo dalili inayotokea zaidi kuliko zote, na ndiyo inayowadanganya watu zaidi, kwa sababu wastani wa matumizi ya prosesa huonekana mdogo. Mashine yenye prosesa ya viini 8 ikiwa na kiini kimoja kilichojaa husoma asilimia 12 au 13 tu kwenye grafu. Ndiyo maana `mpstat` inatumiwa na `-P ALL`. Angalia safu ya `%soft`, ambamo kazi ya kushughulikia pakiti huhesabiwa: ikiwa kiini kimoja kiko 99 au 100 na vingine viko karibu na sifuri, umeshautambua ugonjwa. Kwenye `top` utaona pia `ksoftirqd/0`, au namba nyingine, ikiwa juu kabisa.

Kadi ya kisasa ina foleni nyingi za kupokea. Kila pakiti inapofika, kadi hukokotoa heshi, yaani namba fupi ya utambulisho, kutokana na anwani za IP na namba za milango, kisha huiweka kwenye foleni mojawapo. Kila foleni ina ukatizi wake, yaani ishara ya kuiita prosesa, na kila ukatizi huhudumiwa na kiini fulani. Mgawanyo huu unaweza kuvunjika mahali panne.

Pa kwanza ni ukatizi wote kuelekezwa kwenye kiini kimoja. Fungua `/proc/interrupts` uangalie mistari ya kadi yako. Namba zikijikusanya kwenye safu moja, zima `irqbalance`, huduma inayogawa ukatizi yenyewe, na ugawe kwa mkono kupitia `/proc/irq/N/smp_affinity_list`, foleni moja kwa kiini kimoja. Idadi ya foleni, inayopangwa kwa `ethtool -L`, ilingane na viini halisi. Usihesabu nyuzi pacha za kiini kimoja kana kwamba ni viini viwili, kwa kuwa zinagawana kashe na vitengo vilevile vya kukokotoa.

Pa pili ni pagumu zaidi kupaona: heshi yenyewe haina cha kutofautisha. Wateja wako wakiingia kwa PPPoE, au pakiti zikifika ndani ya handaki la GRE, ambako pakiti hufungwa ndani ya pakiti nyingine, kadi nyingi hazichunguzi kilichomo ndani. Hapo elfu nzima ya wateja inaonekana kama mtiririko mmoja na wote wanatua kwenye foleni moja, mara nyingi foleni 0. Hakuna mpangilio wa ukatizi utakaotibu hilo. Tiba ni RPS (Receive Packet Steering), iliyomo kwenye kerneli, moyo wa mfumo wa Linux, tangu toleo 2.6.35 la mwaka 2010. Kiini kinachopokea husoma heda za ndani, kisha hukabidhi kazi iliyobaki kwa viini vingine:

```
echo fe > /sys/class/net/eth0/queues/rx-0/rps_cpus
```

Hapo `fe` inamaanisha viini 1 hadi 7. Kiini 0 kimeachwa makusudi kwa sababu tayari kina kazi ya kupokea. Ukishawasha RPS, geukia safu ya pili ya `softnet_stat`. Ikianza kupanda, foleni ya kukabidhiana imejaa, na `net.core.netdev_max_backlog`, ambayo kwa kawaida ni 1000, inahitaji kuongezwa.

Pa tatu ni UDP. Kadi kadhaa hukokotoa heshi ya UDP kwa anwani za IP peke yake, bila milango. Hakikisha kwa `ethtool -n eth0 rx-flow-hash udp4`, na ongeza milango kwa `ethtool -N eth0 rx-flow-hash udp4 sdfn`. Tahadhari: pakiti ya UDP iliyokatwa vipande ina namba za mlango kwenye kipande cha kwanza tu, hivyo vipande vyake vinaweza kwenda foleni tofauti na kufika bila mpangilio. Kama mtandao wako unabeba vipande vingi, pima kwanza.

Pa nne hapana tiba ya kweli. Mtiririko mmoja mkubwa, kama nakala ya seva inayohamishwa usiku, haugawanyiki bila kuvuruga mpangilio wa pakiti zake. Unabanwa na kasi ya kiini kimoja. Ndiyo sababu kwa kazi ya ruta ninashauri prosesa yenye viini vichache vyenye kasi kubwa kuliko yenye viini vingi vya polepole.

`rx_missed_errors` inapanda

Kihesabu hiki, ambacho baadhi ya draiva hukiita majina yanayokaribiana na hilo, kinasema kwamba kadi ilipokea pakiti lakini haikupata pa kuiweka. Watu wengi hukimbilia kuongeza ukubwa wa pete ya kupokea, yaani nafasi ambamo kadi huweka pakiti zilizofika, kwa `ethtool -G eth0 rx 4096`. Wakati mwingine inasaidia. Lakini uliza kwanza: viini vimejaa au vina nafasi?

Kama vimejaa, pete kubwa haitaongeza hata pakiti moja kwa sekunde. Pakiti zitakaa tu kwa muda mrefu zaidi kabla ya kutupwa, na juu ya hasara utaongeza ucheleweshaji. Rudi kwenye sehemu iliyotangulia, au tafuta kinachokula mizunguko kwa `perf top`.

Kama viini vina nafasi, na hasa kama pakiti zinapotea wakati mzigo ni mdogo, tazama usingizi wa prosesa. Jambo hili huwashangaza wengi: ruta inapoteza pakiti usiku wa manane na inatulia mchana. Kiini kisicho na kazi huingia usingizi mzito, na kwenye prosesa nyingi za seva kuamka kutoka C6, mojawapo ya ngazi za usingizi huo, kunaweza kuchukua zaidi ya mikrosekunde 100. Sasa weka hesabu mbili pamoja. Pete ya nafasi 512, kwa mmiminiko wa pakiti ndogo kwenye gigabiti 10, hujaa ndani ya mikrosekunde 34. Pakiti zinamwagika kabla kiini hakijafumbua macho. Mchana hakuna usingizi kwa sababu kazi haikatiki. Zuia usingizi mzito kwa kuweka `intel_idle.max_cstate=1` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli, weka kasi ya prosesa kwenye hali ya `performance` kwa `cpupower`, kisha ndipo uongeze pete hadi 1024 au 2048. Umeme utatumika zaidi. Kwa ruta, hiyo ni gharama ya haki.

Kisha soma `softnet_stat`. Kila mstari ni kiini kimoja, na namba zimeandikwa kwa msingi wa 16:

```
00a3f1c2 00000000 0000514e ...
```

Safu ya kwanza ni pakiti zilizoshughulikiwa, ya pili ni zilizotupwa, ya tatu ni mara ambazo kiini kilisitishwa kabla hakijamaliza foleni yake. Hapa `514e` ni 20,814. Kerneli hukipa kiini mgawo wa pakiti 300 au milisekunde chache kwa duru moja, kisha hukilazimisha kupisha kazi nyingine. Safu ya tatu ikisogea kidogo kwa siku, achana nayo. Ikisogea kila sekunde, panua `net.core.netdev_budget` na `net.core.netdev_budget_usecs` kwa pamoja, kwa sababu ukiongeza moja tu, ile nyingine ndiyo itakayokusitisha.

Kila mlango peke yake unafika gigabiti 10, yote miwili kwa pamoja inakwama

Viini vina nafasi, heshi inagawa vizuri, na bado kuna dari usilolielewa. Kagua slotu ya PCIe ambamo kadi imechomekwa, hasa idadi ya leni, yaani njia zake za data:

```
lspci -vv -s 03:00.0 | grep -E 'LnkCap|LnkSta'
  LnkCap: Port #0, Speed 5GT/s, Width x8
  LnkSta: Speed 5GT/s, Width x4 (downgraded)
```

Mstari wa kwanza unaeleza uwezo wa kadi, wa pili unaeleza ilichopewa. Kadi hii ya leni 8 imechomekwa kwenye slotu inayotoa 4. PCIe ya kizazi cha pili hubeba gigabiti 4 halisi kwa leni kila upande, hivyo leni 4 ni gigabiti 16 kabla ya kutoa heda za PCIe zenyewe, wakati milango miwili inadai 20. Slotu yenye umbo la x16 si lazima iwe na leni 16. Ubao mama mwingi huunganisha leni 4 tu kwenye slotu ya pili, au huzigawa unapoweka diski ya NVMe. Soma mchoro kwenye kitabu cha ubao, usiamini ukubwa wa plastiki.

Kwa seva yenye prosesa mbili kuna swali la ziada: kadi iko upande wa prosesa ipi? `/sys/class/net/eth0/device/numa_node` inajibu. Viini vinavyohudumia foleni viwe upande huohuo, la sivyo kila pakiti inavuka daraja kati ya prosesa mbili, na kama ulivyoona, nanosekunde 67 hazina nafasi ya safari hiyo. Na hakikisha chaneli zote za RAM zina moduli. Seva yenye kijiti kimoja kikubwa cha RAM ni dhaifu kuliko yenye vinne vidogo vya jumla ileile.

Waliokwisha kuunganishwa wanaendelea, wapya hawaingii

Tazama `dmesg`. Ukikuta `nf_conntrack: table full, dropping packet`, jedwali la kufuatilia miunganisho limejaa. Linganisha `nf_conntrack_count` na `nf_conntrack_max` zilizo chini ya `/proc/sys/net/netfilter/`.

Chanzo mara nyingi si wingi wa watumiaji bali muda wa kuhifadhi. Muunganisho wa TCP ulioanzishwa na kutelekezwa hukaa kwenye jedwali sekunde 432,000, yaani siku tano. Punguza `nf_conntrack_tcp_timeout_established`, lakini usishuke chini ya sekunde 7,440, kwa sababu RFC 5382, waraka wa viwango vya intaneti, inaitaka NAT (ubadilishaji wa anwani za ndani kuwa za nje) isubiri angalau saa 2 na dakika 4. Ukiongeza `nf_conntrack_max`, ongeza pia `nf_conntrack_buckets`, maana jedwali refu lenye ndoo chache hugeuka kuwa minyororo mirefu ya kutafutia.

Lakini swali la kuuliza kabla ya hayo yote: ruta hii inahitaji ufuatiliaji kweli? Kama haifanyi NAT wala ukuta-moto unaokumbuka hali ya miunganisho, ondoa kabisa sheria zinazoita moduli hiyo, au weka `notrack`. Ruta ya mpakani inayopitisha anwani za umma haina sababu ya kukumbuka mazungumzo ya watu, na ikishambuliwa kwa anwani za kughushi, jedwali hilo ndilo litakalokuwa la kwanza kuanguka.

Sheria za `iptables` nazo zina gharama yake. Zinapitiwa moja baada ya nyingine kwa kila pakiti, hivyo orodha ya anwani 500 zilizofungiwa, kila moja na sheria yake, ni kazi 500. Ziweke kwenye seti moja ya `nftables` au `ipset`, na itabaki kazi moja ya kutafuta.

Vitu vidogo vinapita, vikubwa vinaganda

Ukurasa unaanza kufunguka kisha unasimama, `ping` inajibu, kuingia kwa SSH kunafanikiwa lakini faili haihamishiki. Ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti unaoruhusiwa kupita. PPPoE inaacha 1,492, mahandaki yanaacha pungufu zaidi, na mahali fulani mtu amezuia ICMP, ujumbe wa mtandao unaotoa taarifa hiyo. Ruhusu ICMP, na ubane MSS, kiasi cha data ya TCP katika pakiti moja, kwa `--clamp-mss-to-pmtu`. Kama kadi ina LRO iliyowashwa kwa nguvu, izime kwa `ethtool -K eth0 lro off`, kwani huunganisha pakiti kwa namna isiyofaa kwa kuzipitisha mbele. GRO, mbinu inayofanana nayo, haina tatizo hilo, iache.

Pakiti zinaingia, hazitoki, na kadi haina kosa lolote

Kwenye mtandao wenye watoa huduma wawili, pakiti inaweza kuingia kwa njia moja na jibu kutoka kwa nyingine. `rp_filter`, kichujio kinachokagua kama jibu lingerudi kwa njia ileile, ikiwa 1, kerneli inazitupa kimyakimya. Ushahidi uko kwenye `nstat -az | grep Reverse`. Weka 2 au 0 kwenye violesura vinavyohusika.

Sababu nyingine ni jedwali la majirani, yaani orodha ya vifaa vilivyo kwenye mtandao uleule na anwani zao. Kikomo chake cha juu, `gc_thresh3`, huanza kikiwa 1024, na mtandao mpana wa ndani unakipita bila shida. Kerneli italalamika kwamba jedwali la majirani limefurika. Ongeza vikomo vyote vitatu, vya IPv4 na IPv6.

Ukikosa kabisa mahali pakiti inapotupiwa, kerneli kuanzia 5.17 huambatanisha sababu kwenye tukio la `skb:kfree_skb`, na `perf` inalisoma. Hicho ni chombo kizuri mno ambacho wengi hawakitumii.

BGP inaanguka wakati wa mzigo

BGP ni itifaki ambayo ruta hutumia kubadilishana orodha, au jedwali, la njia za intaneti. Ukubwa wa jedwali wenyewe usikutie hofu. Agosti 2014 jedwali la dunia lilipovuka njia 512,000, ruta nyingi za kiwandani zilizidiwa kwa sababu kumbukumbu yao maalumu ya njia ilikuwa na kikomo hicho. Leo njia za IPv4 zimezidi 900,000, na kompyuta inaziweka kwenye RAM ya kawaida bila kutaabika.

Kinachoangusha BGP ni ushindani wa viini. BIRD au FRR, programu zinazoendesha BGP, inakimbia kwenye kiini kilekile kilichozidiwa na pakiti, ujumbe wa kudumisha uhusiano unachelewa, jirani anakata, njia zote zinafutwa na kujengwa upya, na kazi hiyo ya kujenga upya inazidisha mzigo. Mzunguko huo unaweza kujirudia kwa saa nzima. Tenga kiini kimoja kisichopewa foleni yoyote ya kadi, kisha uifunge huduma ya BGP hapo kwa `CPUAffinity` ya systemd. Ni mstari mmoja, na hakuna ruta ya aina hii inayopaswa kuwekwa kazini bila mstari huo.

Laini inakatika na kurudi

Joto. Kadi nyingi za seva hazina feni. Zimeundwa kutegemea upepo mkali wa kasha la seva, na ukiiweka moja kwenye kasha la mezani lililotulia, itafanya kazi vizuri saa chache kisha ianze kuzimika. Weka feni inayoielekea moja kwa moja. Moduli za SFP+ (vipande vinavyochomekwa kwenye mlango wa kadi) za waya wa shaba ndizo zinazochemka zaidi, hivyo usizijaze milango iliyo jirani. Kwa nyuzi za mwanga, `ethtool -m eth0` inaonyesha nguvu ya mwanga na joto la moduli. Makosa ya CRC, yaani fremu zilizoharibika njiani, yakipanda wakati mwanga ni hafifu, safisha viunganishi kabla ya kulaumu kompyuta.

Kila kitu kiko sawa, na bado hakitoshi

Kwa njia ya kawaida ya kerneli, kiini kimoja hupitisha takriban pakiti milioni 1 hadi 2 kwa sekunde. Ukifika hapo kwa viini vyote, umefika mwisho wa programu, lakini maunzi bado yana nguvu. Mwaka 2012 Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa alionyesha kwa netmap, mfumo wake wa kupokea na kutuma pakiti, kwamba kiini kimoja cha MHz 900 kinaweza kutuma pakiti milioni 14.88 kwa sekunde, kwa kukwepa gharama za kerneli kwa kila pakiti. XDP na DPDK zina fikra hiyohiyo ya kupunguza gharama kwa kila pakiti, na VPP ni programu ya kupitisha pakiti inayoitumia.

Ukihamia VPP, usishtuke kuona viini vyake vikiwa asilimia 100 hata usiku bila mgeni. Vinaichungulia kadi muda wote badala ya kusubiri ukatizi, kwa hiyo `top` haikuambii lolote tena. Tumia `show runtime` na uangalie wastani wa pakiti zinazochukuliwa kwa mkupuo mmoja. Ukiwa karibu na 1 au 2, ruta imepumzika. Ukikaribia 256, ambao ndio ukomo wa mkupuo, kiini kimejaa kweli: ongeza kiini na foleni, kisha pima tena kwa fremu za baiti 64, halafu 512, halafu 1,518, ukisoma `show errors` baada ya kila jaribio.